Hasara Haishuki, Hasara Inalipuka: Utatuzi wa Matatizo Unapofundisha Mtandao wa Neva

Malalamiko ya watu wanaofundisha mitandao ya neva yanafanana kuliko wenyewe wanavyodhani. Huyu atasema "modeli yangu haijifunzi." Yule, "ilikuwa inakwenda vizuri, usiku ikaharibika." Wa tatu kasikia habari za optimaiza mpya, kaiweka, na leo mambo ni mabaya kuliko jana. Nimeyapanga hapa kwa dalili. Chini ya kila dalili naanza na chanzo kinachojitokeza mara nyingi, kisha nashuka hadi cha nadra. Fuata mpangilio huo huo unapotafuta. Ukianzia chini utafungua injini nzima kumbe mafuta yameisha.

Tuelewane maneno kwanza. Hasara ni namba inayopima makosa ya modeli. Gradienti inaonyesha kila uzito usogezwe upande gani na kwa nguvu gani. Optimaiza ni kanuni inayoigeuza gradienti kuwa hatua, na kasi ya kujifunza ndiyo inayoamua urefu wa hatua hiyo. Fungu ni mifano inayopitishwa pamoja katika hatua moja, na mzunguko ni kuipitia data yote mara moja. Lebo ni jibu sahihi lililoandikwa kwa kila mfano. Vigezo ni namba zote ambazo modeli hujifunza, uzito ukiwemo. Uhakiki ni kuipima modeli kwa data ambayo haikufundishwa nayo. Tokeni ni kipande cha maandishi, na kadi ni kadi ya GPU inayopiga hesabu.

Vipimo vitatu kabla hujagusa chochote

Soma hasara ya hatua ya kwanza kabisa, modeli ikiwa bado haijui kitu. Modeli ya kuainisha makundi 10 inapaswa kuanzia karibu na 2.303, yaani logi asilia ya 10, kwa kuwa inabahatisha tu. Makundi yakiwa 1000, itaanzia karibu na 6.908. Ikianzia 40, ama uzito wa mwanzo ni mkubwa mno, ama hasara unaijumlisha badala ya kuichukulia wastani. Ikianzia 0.01, usishangilie: modeli ambayo haijafundishwa haiwezi kuyajua majibu, kwa hiyo ama hasara inahesabiwa vibaya, ama umepakia uzito uliokwisha fundishwa.

Kisha chukua fungu moja dogo la mifano 8 au 16. Zima dropauti (kuzima baadhi ya neva kwa bahati nasibu), zima upunguzaji wa uzito (kuuvuta uzito kuelekea sifuri kila hatua), zima ugeuzaji wa picha, halafu ifundishe modeli fungu hilo hilo mara mia kadhaa. Lazima ikariri na hasara ikaribie sifuri. Modeli yenye vigezo milioni kadhaa ikishindwa kukariri mifano 8, hakuna optimaiza itakayoiokoa. Kosa liko kwenye msimbo.

Cha tatu ndicho kinachorukwa na wengi: toa mifano mitano jinsi inavyoingia kwenye modeli, baada ya usafishaji wote, uitazame kwa macho yako pamoja na lebo zake.

Dalili ya 1: Hasara imeganda tangu mwanzo

*Data na lebo hazilingani.* Nakumbuka siku mbili nilizozipoteza nikiangalia namba hizi zikipita: 2.305, 2.302, 2.304, 2.303. Nilibadilisha optimaiza mara tatu. Nikaongeza matabaka. Kipimo cha fungu moja kilipita vizuri kabisa, na hicho ndicho kilichonipumbaza. Mwishowe nikatoa picha tano. Farasi ameandikwa "meli". Ndege ya abiria imeandikwa "chura". Nilikuwa nachanganya orodha ya picha na orodha ya lebo kila mzunguko, kila moja kivyake. Ndani ya fungu moja lisilobadilika modeli iliweza kukariri hata upuuzi, lakini kwenye data nzima upuuzi ulikuwa unabadilika kila mzunguko, na hakuna anayeweza kukariri kisichotulia. Lau ningezichanganya mara moja tu nikaziacha, ingekuwa hatari zaidi, maana hasara ya mafunzo ingeshuka. Zhang na wenzake walionyesha mwaka 2017 kwamba mitandao ya kawaida ya picha inaweza kukariri lebo zilizopangwa kwa bahati nasibu hadi makosa ya mafunzo yakaisha.

*Kasi ya kujifunza haifai.* Adam, optimaiza inayotumiwa sana, ilipotolewa mwaka 2014 ilikuja na kasi ya 0.001, na watu wengi hawajaigusa tangu hapo. Jaribu mara kumi chini na mara kumi juu kabla hujafanya jambo lingine. Njia nzuri zaidi ni kuanza na kasi ndogo mno, uipandishe kila hatua hadi hasara ilipuke, kisha uchague kasi iliyo chini kidogo ya mahali ilipoanza kupanda. Zoezi hilo ni la dakika chache.

*Softimaksi imewekwa mara mbili.* Softimaksi hugeuza alama za modeli kuwa uwezekano unaojumlika kuwa 1. Fomula ya hasara ya kuainisha katika maktaba nyingi, PyTorch ikiwemo, tayari ina softimaksi ndani yake. Ukiiweka tena mwisho wa modeli, mafunzo hayafi, yanadumaa tu. Alama yake naijua kwa namba: kwa makundi 10, hasara inagoma kushuka chini ya 1.461 hata modeli ikipata kila jibu. Ukiona grafu imelala juu kidogo ya hapo, nenda moja kwa moja kwenye tabaka la mwisho.

*Gradienti haifiki.* Chapisha ukubwa wa gradienti wa kila tabaka baada ya hatua moja. Tabaka lenye sifuri au lisilo na gradienti kabisa limefungwa, limekatwa njiani, au liliongezwa baada ya optimaiza kuundwa, hivyo optimaiza haina habari nalo.

*Uzito wa mwanzo.* Ukitumia matabaka ya kawaida ya maktaba, sahau. Ukiandika tabaka lako mwenyewe, fuata kanuni ya Glorot na Bengio ya 2010, au ya He na wenzake ya 2015 kama unatumia ReLU, ile inayogeuza namba hasi kuwa sifuri.

Simama hapa: ukigundua kuwa lebo zenyewe zina makosa na data ni ya hospitali, ya mahakama au ya uhandisi, usizirekebishe kwa kukisia. Mwite mjuzi wa fani hiyo. Anayejua mitandao ya neva hajui kusoma eksirei.

Dalili ya 2: Hasara imekuwa NaN

NaN maana yake "si namba", jibu la hesabu iliyovunjika. Anza kwa kuitafuta ndani ya data. Mstari mmoja wa msimbo unatosha, na mara nyingi kesi inaishia hapo.

Kama data ni safi, punguza kasi ya kujifunza mara kumi na uweke kikomo cha ukubwa wa gradienti. Kukata gradienti kwa kikomo kulipendekezwa na Pascanu, Mikolov na Bengio mwaka 2013 kwa ajili ya mitandao ya kujirudia, na hadi leo modeli kubwa za lugha hufundishwa na kikomo cha 1.0.

Ikiwa NaN inatokea unapotumia namba za biti 16 tu, shida ni upana wa namba. Muundo wa fp16 hauwezi kubeba kitu kinachozidi 65504, na upande wa chini kilicho kidogo kuliko takriban 0.00000006 huanguka na kuwa sifuri. Hata ile epsiloni ya kawaida ya Adam, 1e-8, yaani namba ndogo inayoongezwa kwenye kigawanyo chake, inageuka sifuri ikihifadhiwa humo, na hapo unagawanya kwa sifuri. Hamia bf16, muundo mwingine wa biti 16, kama kadi yako inaikubali: ina biti 8 za kipeo sawa na namba za biti 32, ingawa usahihi wake ni mdogo kwa kuwa zimebaki biti 7 za sehemu. Kadi isipoikubali, kuza hasara kabla ya kupiga gradienti, halafu uzirudishe gradienti kwenye kiwango chake kabla ya hatua.

Baada ya hapo tafuta hesabu zenye mitego: logi ya sifuri, kugawanya kwa wastani wa kitu kitupu, na kipeuo cha pili cha sifuri. Hicho cha mwisho ni mjanja, kwa sababu jibu lake ni halali kabisa, lakini mnyambuliko wake hauna mwisho.

Simama hapa: mbegu ile ile ya namba nasibu, data ile ile, hatua ile ile, halafu kadi moja inatoa NaN na nyingine haitoi. Hilo si la kwako. Iondoe kadi hiyo kazini na umkabidhi mtu wa mitambo. Kuendelea kuitumia ni kuharibu nakala za modeli ulizohifadhi, na hutajua ni ipi iliyo nzima.

Dalili ya 3: Ilikuwa inashuka vizuri, ghafla ikaruka juu

Hapa ndipo utafiti wa miaka ya karibuni umetusaidia kweli, kwa kuwa modeli kubwa zinaruka zaidi na kila mruko una gharama.

Kwanza subiri. Miruko mingi hujirudi yenyewe ndani ya hatua mamia kadhaa. Ikijirudi hadi ilipokuwa, endelea na kazi.

Isipojirudi, watu hukimbilia kulaumu fungu la data lililopita wakati huo. Mara nyingine ni kweli: faili lililojaa herufi moja iliyorudiwa mara elfu linaweza kufanya hivyo. Lakini Google walipofundisha PaLM yenye vigezo bilioni 540, kazi waliyoichapisha mwaka 2022, waliona miruko takriban 20 ijapokuwa walikuwa wamekata gradienti. Walirudi kwenye nakala ya hatua kama 100 kabla ya mruko, wakayaacha mafungu 200 hadi 500 bila kuyatumia, na mruko haukurudi. Kisha wakachukua mafungu yale yale "mabaya" wakayapitisha kuanzia nakala nyingine. Hakuna kilichoruka. Kwa hiyo lawama haikuwa ya data peke yake, bali ni data hiyo kukutana na hali fulani ya modeli. Dawa yao bado ndiyo ya kwanza ninayoijaribu: rudi nyuma, ruka mafungu, endelea.

Ikijirudia, angalia kumbukumbu ya Adam, ambayo huigawanya kila hatua kwa kipeuo cha pili cha wastani wa miraba ya gradienti. Namba yake ya pili ya beta kwa kawaida ni 0.999, maana yake wastani wa miraba ya gradienti unakumbuka takriban hatua 1000. Gradienti zikiwa ndogo kwa muda mrefu kisha ikaja kubwa, kigawanyo bado ni kidogo na hatua inayotoka ni ya kupita kiasi. Kuishusha hadi 0.95 kunafupisha kumbukumbu hadi hatua kama 20. GPT-3 ilifundishwa hivyo, na wengi wamefuata.

Chanzo kingine kimo ndani ya transfoma, muundo wa modeli nyingi za lugha: ni alama za uzingativu, zinazoamua tokeni ipi iangalie ipi, kukua bila breki hadi softimaksi ikachagua tokeni moja tu. Chapisha alama kubwa kuliko zote katika kila tabaka kila baada ya hatua mia. Ikipanda tu bila kutulia, umempata mwizi. Suluhisho moja ni kusawazisha vekta za maswali na funguo kabla ya kuzizidisha kupata alama hizo, kama ilivyofanywa kwenye modeli ya picha ya vigezo bilioni 22 mwaka 2023. Jingine ni la timu ya Kimi K2 mwaka 2025: alama zikivuka kikomo, uzito unaozizalisha hupunguzwa papo hapo. Waliripoti kuwa walipita tokeni trilioni 15.5 bila mruko hata mmoja.

Angalia pia mahali pa usawazishaji wa tabaka, hesabu inayorudisha namba za tabaka kwenye kiwango kimoja. Ukiwa baada ya kila bloku, kama transfoma ya awali ya 2017, gradienti za mwanzoni ni kubwa karibu na tabaka la mwisho, na usipoipandisha kasi ya kujifunza taratibu mambo huharibika mapema. Ukihamishiwa kabla ya bloku, ukali huo hupungua.

Simama hapa: mruko wa tatu mahali pale pale huku kadi nyingi zikiendelea kulipiwa. Sitisha kazi, hifadhi kila kitu, tafuta mtu aliyewahi kuendesha mafunzo ya ukubwa huo.

Dalili ya 4: Hasara inatetemeka

Mara nyingi huu si ugonjwa. Cohen na wenzake walionyesha mwaka 2021 kwamba hata ukitumia data yote kwa kila hatua, ukali wa mkunjo wa uso wa hasara hupanda hadi karibu na 2 gawanya kwa kasi ya kujifunza, kisha unabaki ukielea hapo. Hasara inapanda na kushuka kwa muda mfupi, ila kwa muda mrefu inashuka. Hesabu za vitabuni zinasema hapo mafunzo yangepaswa kulipuka. Hayalipuki. Lainisha grafu yako kwa wastani wa hatua 100 kabla hujaanza kutibu mtu mzima.

Dalili ya 5: Mafunzo mazuri, uhakiki mbaya

Kabla hujasema modeli imekariri, hakikisha umeibadilisha kwenda hali ya tathmini. Dropauti ikibaki wazi, au usawazishaji wa fungu ukitumia takwimu za fungu dogo la uhakiki, namba zitakuwa mbaya bila kosa la modeli. Hakikisha pia data ya uhakiki imepita kwenye usafishaji ule ule.

Kama kweli imekariri, data zaidi inashinda ujanja wote. Ukikosa, ongeza upunguzaji wa uzito, lakini kupitia AdamW, toleo la Adam linalopunguza uzito kando na gradienti. Kuongeza adhabu ya mraba wa uzito ndani ya hasara huku unatumia Adam ya kawaida hakufanyi kazi unayodhani, kwa sababu adhabu hiyo nayo inagawanywa na kigawanyo cha Adam, na uzito wenye gradienti kubwa unaadhibiwa kidogo. Loshchilov na Hutter waliitenganisha mwaka 2017. Ukiwa na muda wa mashine, jaribu SAM, inayotafuta mabonde mapana badala ya mashimo membamba, ukijua kila hatua inapiga gradienti mara mbili.

Kuna watu watakwambia uendelee tu kufundisha, modeli itaelewa ghafla. Jambo hilo lipo: mwaka 2022 Power na wenzake walilionyesha kwenye hesabu ndogo za moduli (za masalio ya kugawanya), ambapo uhakiki ulipanda muda mrefu baada ya mafunzo kufika asilimia 100. Lilikuwa kwenye data ndogo iliyotengenezwa, yenye kanuni moja safi nyuma yake. Data yako haiko hivyo.

Na uhakiki ukiwa *bora* kuliko mafunzo? Kwa kawaida ni dropauti, au ni kwamba hasara ya mafunzo ni wastani wa mzunguko mzima ilhali ya uhakiki hupimwa mwishoni. Hayo yakikataliwa, tafuta mifano iliyorudiwa pande zote mbili.

Simama hapa kama modeli itaamua nani atibiwe au nani akopeshwe. Usiitoe nje kwa kuwa grafu imependeza. Mtu huru, mwenye data ambayo wewe hujawahi kuigusa, ndiye aipime.

Dalili ya 6: Nimeweka optimaiza mpya, mambo yameharibika

Sababu ya kwanza ni kwamba umehamisha mipangilio ya AdamW kama ilivyo. Lion, iliyopatikana mwaka 2023 kwa kuiachia kompyuta itafute fomula, huchukua alama ya kujumlisha au kutoa peke yake, hivyo kila kigezo kinasogea kwa umbali ule ule. Inataka kasi ndogo mara 3 hadi 10, na upunguzaji wa uzito mkubwa kwa kiasi hicho hicho.

Muon ya 2024 ina mtego mwingine. Inasawazisha matriki nzima ya momenta (wastani wa gradienti zilizopita) ili mielekeo yote iwe na nguvu karibu sawa, kwa hiyo ni ya matriki za matabaka ya ndani tu. Tabaka la kuingizia tokeni, la kutolea majibu, na vigezo vya vekta kama vya usawazishaji vinabaki na AdamW. Ukiitupia Muon kila kitu, usiilaumu.

Ile isiyohitaji ratiba ya kasi, ya Defazio na wenzake ya 2024, inasahaulika kwa namna yake: optimaiza yenyewe inabadilishwa hali kabla ya kutathmini, kwa sababu uzito unaopimwa ni wastani, si ule unaofundishwa. Usipoibadilisha utapima modeli isiyo yako.

Au labda hakuna kilichoharibika, ila ahadi ilikuwa kubwa. Watafiti wa Stanford mwaka 2025 walizipima optimaiza mpya baada ya kuirekebisha AdamW kwa uangalifu ule ule. Faida ya zile za matriki, kama Muon, ilikuwa kumaliza haraka kama mara 1.4 kwa modeli za vigezo bilioni 0.1, ikashuka hadi mara 1.1 kwa bilioni 1.2. Mimi binafsi, nikiwa na siku moja ya mashine, siku hiyo naitumia kurekebisha kasi ya AdamW.

Dalili ya 7: Nimeongeza kadi au modeli, mipangilio ya zamani haifai

Fungu likikua mara 8, kasi nayo inahitaji kusogea. Kwa SGD, optimaiza ya msingi isiyo na kigawanyo cha Adam, Goyal na wenzake mwaka 2017 waliipandisha kwa uwiano ule ule, taratibu katika mizunguko 5 ya kwanza, na wakafika mafungu ya picha 8192. Kwa Adam, anza na kipeuo cha pili cha uwiano huo.

Ukikusanya gradienti za mafungu madogo badala ya kuongeza kadi, angalia hesabu ya wastani. Fungu la kwanza lina tokeni 10 na hasara 4, la pili tokeni 90 na hasara 2. Wastani wa kweli ni 220 gawanya kwa 100, yaani 2.2. Ukichukua wastani wa wastani unapata 3.0, na zile tokeni 10 zimepewa sauti sawa na 90. Kosa hili lilikaa ndani ya maktaba zinazotumiwa sana hadi lilipoanikwa mwaka 2024. Sasisha maktaba yako.

Kwa modeli pana zaidi, kasi bora ya modeli ndogo kwa kawaida haihamishiki. Inahamishika ukitumia upangaji wa µP wa Yang, Hu na wenzao, unaopanga uzito wa mwanzo na kasi kulingana na upana wa modeli: mwaka 2022 walitafuta mipangilio kwenye modeli ya vigezo milioni 40, wakaipeleka kwenye ya bilioni 6.7.

Dalili ya 8: Kumbukumbu ya kadi imejaa

Piga hesabu kabla ya kulalamika. Mafunzo ya kawaida ya Adam yanayochanganya biti 16 na 32 hula baiti 16 kwa kila kigezo. Vigezo bilioni 7 ni gigabaiti 112 kabla hata ya mfano mmoja kuingia. Punguza fungu kwanza. Kisha hesabu upya matokeo ya matabaka badala ya kuyahifadhi, halafu tumia Adam ya biti 8. Ikiwa unarekebisha tu modeli iliyokwisha fundishwa, LoRA itakutosha, kwa kuwa uzito wa asili haupigiwi gradienti kabisa na optimaiza inabeba matriki mbili nyembamba tu kwa kila tabaka unalolichagua.